SOMO: Kufuatilia asili ya jina la ukoo la Kibaski, mfano Etxeberria (nyaraka kwanza, DNA baadaye)

Wadau habari za saa hizi. Maswali ya majina ya Kibaski yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa mlioolewa au kuoa kwa watu wa Mexico, Argentina na Hispania, watoto wanabeba jina refu ambalo hakuna wa kuwaambia limetoka wapi. Leo nachukua jina moja, Etxeberria, nalifuata kuanzia maana yake mpaka kwenye vinasaba, mwenye jina lingine atafuata njia hiyo hiyo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Jina la Kibaski lilikuwa la nyumba kabla halijawa la mtu, kwa hiyo unachotafuta ni nyumba. Ukikimbilia kit ya DNA kabla ya kuijua nyumba utapewa majibu ya kweli kabisa ila ya swali ambalo hukuuliza.

Kwa wasiowajua, Wabaski wako magharibi mwa milima ya Pyrenees, pande zote mbili za mpaka, wengi Hispania kaskazini na wachache Ufaransa kusini magharibi. Mikoa yao ya kihistoria ni 7: Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Nafarroa upande wa Hispania, alafu Lapurdi, Nafarroa Beherea na Zuberoa upande wa Ufaransa. Lugha yao inaitwa Euskara na haina ndugu hata mmoja anayejulikana duniani.

HATUA YA 1: Livunje jina vipande

Etxe ni nyumba, berri ni mpya, na ile -a ya mwisho ni kama kusema "ile". Ile nyumba mpya, basi. Majina mengi yamejengwa hivo hivo: Goikoetxea nyumba ya juu, Etxeandia nyumba kubwa, Mendizabal mlima mpana, Bolívar ni bonde la kinu, na ndiyo Bolívar yule yule wa Venezuela, mpigania uhuru, kijiji chenye jina hilo kipo Bizkaia mpaka leo. Mtu alitajwa kwa anapoishi, kama huku kwetu anavyoitwa "yule wa nyumba ya kwenye mwembe" na watoto wake wote wakaitwa wa kwenye mwembe.

Sasa fikiria, kijiji gani hakikuwahi kuwa na nyumba mpya? Ndo maana Etxeberria ziko kila mahali kuanzia Bizkaia mpaka Zuberoa na hazikutoka kwa babu mmoja. Ukikutana na mtu mwenye jina lenu usimkumbatie kama binamu kabla hujauliza kijiji.

HATUA YA 2: Kusanya tahajia zote

Hapa wengi wanakwama, wanatafuta tahajia moja tu alafu wanasema jina halipo. Mhispania aliandika Echeverría, Mfaransa akaandika Etcheverry, Bizkaia wanatamka kwa a kwa hiyo unapata Etxebarria na Echevarría, Colombia utakuta Echeverri, Amerika ya Kati na Mexico sauti ya mwanzo ikadondoka ikabaki Chavarría. Hiyo tx unayoiona leo ni uandishi sanifu wa Kibaski ambao watu wengi waliurudisha rasmi kwenye vitambulisho baada ya Franco, dikteta wa Hispania, kufa mwaka 1975, kabla ya hapo msajili alikuwa anaandika Kihispania. Kwa hiyo ukiingia kwenye kitabu cha 1780 tafuta ch, na v na b zinabadilishana kama hazina mwenyewe.

Tahajia yenyewe ni dalili. Etcheverry inakupeleka Ufaransa, Etxebarria inakupeleka Bizkaia. Ni dalili tu, haijawa ushahidi.

HATUA YA 3: Anza na aliye hai, panda juu mpaka kwa aliyehama

Usiruke kizazi. Cheti cha kuzaliwa cha baba, cha babu, cha ndoa, orodha ya abiria wa meli, kaburi. Unachotafuta kwenye karatasi zote hizo ni neno moja tu, jina la kijiji au parokia. "Alizaliwa Hispania" haikusaidii. Usajili wa serikali Hispania ulianza 1871 na Ufaransa 1792, zaidi ya hapo unaingia kanisani.

Uzuri wa Kihispania ni kwamba kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Andika yote mawili kila unapopanda, maana Echeverría ziko maelfu ila Echeverría aliyezaliwa na mama Goicoechea kwenye parokia moja miaka ile ile ni wachache sana.

HATUA YA 4: Vitabu vya parokia, kisha nyumba yenyewe

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliamuru mwaka 1563 parokia ziandike ubatizo na ndoa, kwa hiyo ukiwa na bahati unafika karne ya 16. Hifadhi za kanisa za Bizkaia, Gipuzkoa na Araba zina faharasa unazoweza kupekua mtandaoni bure, unaweka jina, parokia na mwaka. Tulia hapa, wiki nzima inaweza ikaishia humu na sio hasara.

Alafu kuna hazina nyingine ambayo watu wanaisahau. Sheria ya Bizkaia ya 1526 iliwatambua wenyeji wote kuwa ni watu wa daraja la kiungwana, na Gipuzkoa mambo yalikuwa vilevile, sasa Mbaski akihamia sehemu nyingine ya Hispania ilibidi athibitishe ametoka nyumba gani ili asitozwe kodi za watu wa kawaida. Kesi hizo ziko kwenye hifadhi ya mahakama ya zamani ya Valladolid, na ndani yake unakuta mashahidi wazee wanaitaja nyumba kwa jina na kuhesabu vizazi vyake.

Nyumba ilirithiwa na mtoto mmoja tu, shamba halikugawanywa. Wengine wakaenda baharini, utawani, au Amerika, na hiyo ni sababu kubwa ya majina haya kujaa Argentina, Uruguay, Chile, na huko Idaho na Nevada za Marekani. Mrithi angeweza kuwa binti. Akiolewa mume anahamia pale, na jina la nyumba linaendelea kwa watoto ingawa damu ya kiume imebadilika.

Mfano mzuri kuliko wote ni Mtakatifu Fransisko Xavier, yule mmisionari. Javier, Xavier na Etxeberri ni jina moja limechakaa midomoni, ni ngome iliyoko Nafarroa alikozaliwa 1506. Baba yake aliitwa Juan de Jaso. Mama yake María de Azpilicueta ndiye aliyekuwa mrithi wa ngome. Watoto wa tumbo moja sasa: Miguel akaitwa de Javier, Juan akaitwa de Azpilicueta, na Fransisko tunamjua sote kwa Xavier. Baba mmoja, mama mmoja, majina mawili tofauti na hakuna hata moja la baba! Kromosomu Y, yaani vinasaba ambavyo mwana anarithi kwa baba peke yake, ya wote watatu ni ya akina Jaso, jina la Javier limekuja kwa upande wa mama. Ukiushika mfano huu hatua inayofuata inakuwa nyepesi.

HATUA YA 5: Sasa ndo DNA

Kuna vipimo vitatu na kila kimoja kina swali lake. Kromosomu Y inafuata baba wa baba wa baba, wanaume peke yao. Mitokondria inafuata mama wa mama wa mama. Kipimo cha jumla kinachanganya mababu wote wa karibu kisha kinakupa asilimia na orodha ya ndugu.

Kwa Y, Wabaski wengi wanaangukia tawi la mstari wa kiume linaloitwa R1b-DF27, kwenye baadhi ya sampuli zao linafika karibu 70%. Tawi hilo lina umri wa miaka kama 4,000, wakati majina ya ukoo yametulia miaka mia nne mia tano hivi iliyopita. Kwa hiyo Etxeberria wawili wote wakitoka DF27 haijathibitisha kitu, ni sawa na kuambiwa wote mna babu wa zama za shaba. Unahitaji kipimo cha Y cha kina kinachoshuka mpaka matawi madogo ya juzi, na mtu wa kulinganisha naye ambaye karatasi zake zimefika kwenye nyumba ile ile. Huyo mtu utampata kwa hatua ya 4, hakuna njia ya mkato.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nairobi): Mume wangu ni Chavarría wa Mexico, kipimo cha jumla kimempa Baski 6% tu. Ina maana jina si lao?
Jibu: Hapana dada, jina lake linaweza kuwa la Kibaski kabisa. Babu wa kizazi cha nne juu yake anachangia kama 6% hivi, na jina linashuka kwenye mstari mmoja tu kati ya mistari yote. Baski mmoja aliyeingia Mexico miaka ya 1700 anaweza asionekane kabisa kwenye kipimo cha jumla ila jina likabaki. Mpime Y kama mnataka mstari huo, ila kwanza tafuteni vitabu vya ubatizo vya kule kwao Mexico.

Swali (Mwanza): Mkuu nasikia Wabaski ni mabaki ya watu wa zama za mawe waliokuwa Ulaya kabla ya wote, na damu yao ni Rh hasi (yale makundi ya damu yenye alama ya kutoa). Kweli?
Jibu: Rh hasi kwao iko juu kweli, karibu theluthi ya watu. Ila hilo la zama za mawe limepitwa na wakati. DNA ya mifupa ya kale imeonyesha, utafiti mkubwa ulitoka 2019, kwamba kufikia miaka kama 2000 kabla ya Kristo wageni wenye asili ya nyika za mashariki mwa Ulaya walikuwa wamechangia karibu 40% ya nasaba ya Iberia (Hispania na Ureno) na karibu mistari yote ya kiume ikabadilika. Wabaski nao walipitiwa na hilo, DF27 yenyewe ni ushahidi. Utofauti wao umekuja baadaye, tangu zama za chuma hawakuchanganyika sana na Warumi wala watu wa Afrika Kaskazini kama majirani zao. La kushangaza kwangu ni kwamba mistari ya baba ilibadilika karibu yote ila lugha yao ikabaki tofauti na za wengine.

Swali (Lyon): Shikamoo mwalimu, mtoto wangu baba yake ni Etcheverry wa Bayonne, naweza kuagiza kit hapa?
Jibu: Marahaba. Kwa sheria ya Ufaransa kujipima DNA kwa ajili ya nasaba tu hairuhusiwi, faini yake inafika euro 3,750. Huhitaji lakini, mko jirani kabisa na nyaraka. Usajili tangu 1792 upo kwenye hifadhi ya mkoa na sehemu kubwa iko mtandaoni. Upande huo wa Ufaransa angalia sana jina la nyumba, karani mara nyingi aliliandika pembeni ya jina la mtu, na mtu anaweza kuitwa Etcheverry rasmi huku kijiji kizima kinamwita kwa nyumba nyingine aliyohamia.

Swali (Tanga): Mimi ukoo wetu ni Xavery, babu alibatizwa na wamisionari. Tuna Ubaski?
Jibu: Jina ndiyo kaka, damu hapana, limekuja kwa ubatizo wa heshima ya mtakatifu. Ila mwenye jina alipita pwani yetu, mwaka 1542 akielekea Goa, India, meli yao ilisimama Malindi, na pale Malindi kuna kanisa dogo la Wareno linalohusishwa na safari hiyo.

Swali (Dar): Kuna duka mtandaoni linauza ngao ya ukoo wa Etxeberria na historia yake imeandikwa kwenye karatasi nzuri, ninunue?
Jibu: Usinunue. Ngao ilikuwa ya nyumba fulani, na nyumba zenye jina hilo ni nyingi, ukiwa hujajua yenu ni ipi unanunua ngao ya watu wengine. Weka hapa jina la parokia ya kwanza mliyofikia na mwaka, tuangalie pamoja.