Kusajili rekodi mpya kwenye Laravel: databesi kwanza, SMS baadaye

Kuna bagi inasumbua sana watu wanaotumia Laravel (fremuweki ya PHP) na foleni, yaani kazi zinazowekwa kando zifanyike baadaye nyuma ya pazia. Fomu imejazwa, karani kabonyeza Hifadhi, ukiangalia kwenye databesi rekodi unaiona ipo kabisa, lakini jedwali la `failed_jobs` limejaa ModelNotFoundException, yaani kosa la "rekodi haijapatikana". Wengi wanakimbilia kuweka `sleep(5)` (isubiri sekunde 5) na kweli inatulia, mpaka siku seva ikizidiwa inarudi palepale. Foleni haina kosa hapo. Tukio (event, tangazo la kwamba jambo fulani limefanyika) limetangazwa wakati rekodi bado haijakamilika kuandikwa, basi.

Tuchukue mfumo wa SACCOS, tunasajili mwanachama mpya. Akisajiliwa anatakiwa afunguliwe akaunti ya hisa na ya akiba, apate SMS ya kukaribishwa, apate barua pepe, na mhasibu amwone kwenye dashibodi. Kabla hujagusa kodi gawa hivyo vitu mafungu mawili: vinavyotakiwa kufaulu au kufeli pamoja, na vinavyoweza kusubiri. Mwanachama asiye na akaunti ya hisa ni data chafu, atakuja kuharibu hesabu za gawio mwisho wa mwaka, kwa hiyo hivyo viwili vinakaa pamoja. SMS ikichelewa dakika mbili hakuna aliyeumia. Ukishafanya huo mgawanyo kazi ngumu imeisha, kinachobaki ni kujua kila kitu kinakaa tabaka gani.

Tabaka la kwanza ni Form Request, hapa unakagua na kusafisha. Watu wanalidharau ila ndo linaokoa. Namba ya simu mmoja ataandika inaanza na 07, mwingine +2557, mwingine 255 na nafasi katikati, na usipozigeuza zote kuwa muundo mmoja ndani ya `prepareForValidation` basi sheria ya `unique` itaona watu watatu wakati ni mtu mmoja. Namba ya NIDA hivyohivyo, toa vistari zibaki tarakimu 20, na kwenye databesi ihifadhi kama maandishi, usithubutu kuiweka kama namba. BIGINT, aina ya namba nzima kubwa kwenye databesi, hata ile isiyo na hasi inaishia 18446744073709551615, na namba ya NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo mtu wa 1985 tayari kashazidi. JavaScript ndo kabisa, inaanza kukosea tarakimu za mwisho kimyakimya ikishapita tarakimu 16 hivi.

Alafu chukua `validated()` (data iliyopita ukaguzi tu), usichukue `all()`. Ukichukua kila kitu kilichotumwa, mtu anaweza kujiongezea sehemu ambayo kwenye fomu haipo, mfano `ni_admin`. Mwezi wa 3 mwaka 2012 GitHub walipatwa na tundu la aina hii, jamaa akaweka ufunguo wake kwenye akaunti ya timu ya Rails na akaweza kuandika kwenye kodi yao. Kwa hiyo `$fillable`, orodha ya sehemu zinazoruhusiwa kujazwa kwenye modeli, iheshimu.

Kontrola iwe fupi: inapokea, inaita sevisi (darasa la maamuzi ya biashara), inajibu. Kama ni API jibu 201. Maamuzi ya biashara yasikae hapo, maana kesho utaambiwa wanachama waingizwe pia kwa Excel na ile njia haipiti kwenye kontrola.

Sasa sevisi, penyewe hapa:

```php
public function sajili(array $data): Mwanachama
{
    return DB::transaction(function () use ($data) {
        $m = Mwanachama::create($data);
        $m->akaunti()->createMany([
            ['aina' => 'hisa'],
            ['aina' => 'akiba'],
        ]);
        MwanachamaAmesajiliwa::dispatch($m);

        return $m;
    });
}
```

Ukiiacha hivi ina hatari. Lisena ya foleni (kodi inayosikiliza tukio na kufanya kazi yake) haibebi mwanachama mzima, inabeba jina la modeli na id tu, alafu woka (programu inayofanya kazi za foleni) akija kuifanyia kazi anaenda kumtafuta upya kwenye databesi. Woka ana muunganisho wake mwenyewe, na transaksheni yako (lile fungu la `DB::transaction` linalofaulu au kufeli pamoja) ikiwa bado haijafungwa yeye haioni hiyo rekodi. Foleni ikiwa Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye memori) anaidaka haraka sana, anakuta patupu. Na mbaya zaidi ni pale akaunti ya hisa ikigoma, transaksheni inarudishwa nyuma, mwanachama hayupo, lakini kama tukio lilibeba namba ya simu moja kwa moja SMS ya "karibu" imeshafika kwa mtu.

Dawa yake ni kwenye darasa la tukio, liandike `implements ShouldDispatchAfterCommit`. Hapo hata ukilitangaza katikati, Laravel inalishikilia mpaka transaksheni ifungwe salama, na ikirudishwa nyuma linatupwa. Hiyo ipo kuanzia matoleo ya mwishoni ya Laravel 10, kama uko nyuma ya hapo weka `'after_commit' => true` kwenye `config/queue.php`. Na usishangae kwenye laptop yako bagi haikuonekana: foleni ya `database` ikitumia muunganisho uleule, kazi yenyewe inaandikwa ndani ya transaksheni ileile kwa hiyo woka haioni mapema.

Karani kubonyeza mara mbili kwa sababu netiweki inasuasua, hiyo ipo kila siku. Kuzima batani kwa JavaScript kunasaidia ila hakutoshi. Fomu ikifunguliwa tengeneza UUID (kitambulisho cha kipekee kisichojirudia), iweke kwenye sehemu iliyofichwa, na kwenye jedwali iwe na indeksi ya `unique`. Kisha badala ya `create` tumia `firstOrCreate` kwa hiyo UUID, na akaunti pamoja na tukio viende tu kama `wasRecentlyCreated` (rekodi imeundwa sasa hivi, haikuwepo) ni kweli. Namba ya uanachama nayo usiipate kwa `count() + 1`, makarani wawili wakisajili sekunde moja watapata namba moja, itoe kwenye id.

Upande wa lisena, kila moja ifanye kazi moja. Ukiweka SMS na barua pepe kwenye lisena moja, barua pepe ikifeli foleni inarudia yote na mwanachama anapata SMS ya pili, ya tatu, na kila SMS unalipia. Weka safu ya `sms_ilitumwa` uikague kabla ya kutuma.

Mimi siweki haya mambo kwenye tukio la `created` la modeli. Yanajificha, na siku ya kuingiza Excel ukitumia `create` wanachama wote wa zamani wanakaribishwa upya kwa SMS, ukitumia `insert` hilo tukio halitokei kabisa na hakuna anayefunguliwa akaunti.

Kupima: washa Redis kwenye laptop, weka `throw` mwishoni mwa transaksheni, kabla ya `return $m`, sajili mtu, na hakikisha hakuna rekodi na hakuna SMS. Ukishapandisha kodi kwenye seva piga `php artisan queue:restart`, maana woka anabaki na kodi ya zamani kwenye memori.