Kufungua nati ya habu iliyoshikwa na kutu bila kuharibu shafti

Nati kubwa ya katikati ya gurudumu, ile inayoshikilia shafti kwenye habu (kitovu cha gurudumu), huwatoa watu jasho kuliko kazi yote ya kubadilisha beringi. Ukweli ni kwamba nati yenyewe haina thamani: ikitoka, inatupwa na kufungwa mpya. Chenye thamani ni nyuzi za shafti, ile mikato ya mzunguko ambayo nati hujishika. Ukiziharibu, kazi ya beringi imegeuka kuwa kazi ya shafti nzima. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize swali moja: nikiongeza nguvu sasa hivi, nini kitaumia kwanza?

1. Jua kinachoishikilia

Kabla ya kugusa spana, toa kifuniko cha vumbi na usugue kwa burashi ya waya mpaka uone chuma. Nati nyingi zina kizuizi chake. Kuna zenye kofia ya mapengo na pini yenye miguu miwili: nyoosha miguu, vuta pini kwa koleo, toa kofia. Kuna zenye ukingo mwembamba uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Huo ndio husahaulika zaidi. Ukiilazimisha nati izunguke ukingo ukiwa bado umezama, ule ukingo unaburutwa juu ya nyuzi na kuzikwangua. Chukua tindo nyembamba, iingize ndani ya mfereji, uinue ukingo taratibu hadi mfereji ubaki wazi kabisa.

Tazama pia mwelekeo wa nyuzi. Magari mengi hufunguliwa kinyume cha saa, lakini yako machache, hasa upande wa kushoto, yenye nati ya nyuzi za kushoto. Jifikirie shafti imesimama wima: nyuzi zikipanda kuelekea kulia ni za kawaida; zikipanda kuelekea kushoto, inafunguliwa kwa kufuata saa. Kagua sasa, maana ukishaanza kuning'inia kwenye mpini utakuwa unaikaza huku ukidhani inakataa.

2. Mafuta na muda

Pulizia mafuta ya kupenyeza pale nyuzi zinapokutana na nati. Kisha gonga pande za nati kwa nyundo, mapigo mengi mepesi, ukizunguka upande hadi upande. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta kati ya chembe za kutu. Pulizia tena, acha, rudia. Kama una nafasi ya kuiacha usiku kucha, iache.

Usigonge kichwa cha shafti. Nyuzi za mwanzo zitatanuka na nati haitapita tena, na jointi iliyo nyuma yake haikuundwa kupokea mapigo hayo.

3. Shika gari, kisha tumia mpini mrefu

Kama tundu la katikati la rimu linapitisha soketi, legeza nati tairi likiwa chini, breki ya mkono imevutwa, gia imeingia, na vizuizi vimewekwa kwenye magurudumu mengine. Gari lililo kwenye jeki linaweza kuanguka unapolivuta kwa nguvu kiasi hiki. Kama tundu ni dogo, pandisha gari kwenye stendi imara, toa tairi, na mtu mwingine akanyage breki. Ukiwa peke yako, laza bomba la chuma kati ya bolti mbili za tairi, mwisho wake uegemee sakafu. Bolti hizo zifungie kwanza nati zake ili nyuzi zisipondeke.

Soketi iwe ya pembe sita, ya ukubwa kamili. Kwa magari madogo mara nyingi ni milimita 30, 32 au 36. Ya pembe kumi na mbili hushika ncha tu, na ncha zikilainika umejiongezea tatizo la pili. Mpini wa robo tatu inchi (kipimo cha ncha inayoingia kwenye soketi) ni salama kuliko wa nusu inchi.

Nguvu inayohitajika si ya ajabu. Nati hizi kiwandani hukazwa mara nyingi kati ya nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 180 na 300, na kutu huongeza juu yake. Mtu wa kilo 70 akiegemea mwisho wa mpini wa sentimita 60 anatoa takriban 400. Kwenye mpini wa mita moja, karibu 690. Ongeza urefu, usiongeze kuruka. Egemea kwa mfululizo, mwili ukiwa mahali ambapo spana ikichomoka hutaangukia chuma.

4. Ikianza kusogea, usiifurahie haraka

Hapa ndipo shafti nyingi hufia. Nati inatoa mlio, inasogea robo mzunguko, na fundi anaendelea kuvuta moja kwa moja. Vumbi la kutu linakusanyika mbele ya nyuzi, linabana, chuma kinaanza kuchuna chuma, na nati inakwama upya katikati ya njia, safari hii imeng'ata kweli. Fanya hivi: isogeze kidogo, irudishe, pulizia mafuta, isogeze mbele zaidi ya mwanzo, irudishe tena. Ukisikia inazidi kuwa nzito badala ya kuwa nyepesi, simama na urudi nyuma. Ni kazi ya uvumilivu, lakini nyuzi zitatoka salama.

Mashine ya upepo ya kufungulia nati hufanya kazi nzuri kwa sababu inapiga badala ya kuvuta. Tumia soketi nyeusi za mashine tu. Zile zinazong'aa zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Vaa miwani.

5. Moto

Nati yenye uzi wa milimita 24 ikipata joto la nyuzijoto 200 zaidi ya shafti, tundu lake hupanuka karibu milimita 0.06. Ni kidogo, lakini kinatosha kuvunja kutu. Elekeza moto kwenye nati pekee, kwa haraka, na uvute kabla shafti haijapata moto nayo.

Nautumia moto pale tu beringi inapobadilishwa, kwa sababu grisi, sili na sensa ya breki za ABS (zile zinazozuia gurudumu kukwama unapofunga breki) haziupendi. Futa mafuta yote kwanza, maana yanawaka. Na kisafisha breki kisikaribie kabisa: baadhi yake kina klorini, na kikiungua hutoa gesi yenye sumu kali.

6. Ikikataa yote, ikate

Kwa grainda, chora mfereji kwenye upande mmoja bapa wa nati, sambamba na shafti. Kata kidogo kidogo, ukisimama kila mara kutazama. Simama kabla ya kugusa nyuzi. Ubaki utando mwembamba tu. Weka tindo kwenye mfereji, piga nyundo. Nati itapasuka na kulegea, kisha itazunguka kwa spana ya kawaida.

7. Kufunga

Safisha nyuzi kwa burashi, jaribu nati mpya kwa mkono: lazima iingie kwa nguvu ya vidole tu bila kukwaruza. Ikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha gari lako, breki ikiwa imekanyagwa na gurudumu likiwa bado hewani. Usilishushe gari wala kulisukuma nati ikiwa legevu, kwa kuwa uzito huo unaiharibu beringi mpya kabla haijatembea. Gonga ukingo uingie kwenye mfereji au rudisha pini mpya, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize.