Unalipa stima ya biashara na unaishi bedsita? Angalia hivi

Ploti nyingi za Nairobi, kama Pipeline, Kayole, Zimmerman, ziko hivi: chini kuna kinyozi, saluni na jamaa wa kuchomelea mageti, juu ni nyumba za watu, na stima yote inapita kwa mita moja ya landilodi, nyinyi mnawekewa submita, ile mita ndogo ya kila nyumba. Sasa mwisho wa mwezi mtu mwenye taa mbili na TV analia pesa ya stima imeisha kama maji.

Kabla hujamrukia keateka, jua kwanza pesa inapotelea wapi, juu si lazima iwe wizi. Kenya Power huangalia mita, haiangalii nyumba ziko ngapi nyuma yake. Kwa tarifu (bei rasmi ya stima) ya Aprili 2023, mita ya nyumbani isiyopita yuniti 30 kwa mwezi ilikuwa shilingi 12.22 kwa yuniti, hadi 100 ni 16.30, ukipita hapo 20.97, na hapo bado hujawekewa gharama ya mafuta, tozo zingine na VAT ya 16%. Kwa hivyo mama wa yuniti 25 akiwa na mita yake angelipa ile bei ya chini kabisa, lakini akiunganishwa na nyumba ishirini anahesabiwa kama mtumiaji mkubwa. Hii ndio inaniuma sana, anayetumia kidogo ndiye anaumia zaidi. Na kama akaunti iliandikishwa ya biashara, hiyo ni bei nyingine kabisa.

Ombeni bili ya mita kubwa, na muombe kama kikundi, mtu mmoja pekee yake ataambiwa ahame. Kwa bili tafuta tarifu: DC ni nyumbani, SC ni biashara ndogo. Halafu chukua jumla yote ya bili ugawe kwa yuniti. Tuseme ni 33,600 kwa yuniti 1,200, hiyo ni 28. Mkichajiwa 35, ulizeni hiyo saba ni ya nini. Pigeni pia hesabu ya submita zote, zikitoa 1,050 basi kuna yuniti 150 zimetumika mahali, labda pampu ya maji na taa za ngazi, labda ni yule wa mageti ambaye hana submita na nyinyi ndio mnamlipia bila kujua.

Piga picha ya submita yako kila tarehe moja, na usifute meseji za M-Pesa.

Ikiwa ni SC, mwenye akaunti ni landilodi kwa hivyo yeye ndiye wa kuomba ibadilishwe, wewe mpangaji kwa Kenya Power si kastoma. Mwambieni maduka yapewe mita yao ndio nyumba zibaki za nyumbani. Lililo bora zaidi ni kila nyumba iwe na mita yake ya tokeni, lakini lazima landilodi akubali, na waya zipigwe na fundi mwenye leseni, si yule wa mtaa tu. Akikataa kabisa andikieni Kenya Power mkiwa na picha na hesabu zenu, msipojibiwa vizuri pelekeni EPRA, wao ndio wasimamizi wa mambo ya kawi. Lakini msiache kulipa mkingoja majibu, atawakatia, na msiguse waya za mita kubwa hata kama fundi wenu anasema ni rahisi.