Kukisia theluji ya Margherita ukiwa bado Elena

Dondoo hii nimeipata kwa mwongozaji mmoja wa milima ya Rwenzori, nami naipitisha kwa yeyote anayejiandaa kupanda Margherita, kilele cha juu kabisa cha milima hiyo, mpakani mwa Uganda na Kongo. Usiutegemee utabiri wa hali ya hewa wa mji wa Kasese, kwa kuwa mji huo uko chini sana na mvua yake haikuambii lolote kuhusu kinachoanguka kileleni. Badala yake, pima joto la hewa nje ya kibanda cha Elena, wanapolala wapandaji kabla ya kwenda kileleni, kilicho kwenye mita 4,541, jioni na tena usiku kabla ya kuondoka, kisha utoe takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kilele kina mita 5,109, hivyo unatoa nyuzi 3 na kidogo: Elena kukiwa na nyuzi 2 huku mvua ikinyesha, juu ni theluji. Kipimajoto kining'inizwe mbali na ukuta na pumzi za watu, maana wengi hukosea hapo. Hesabu hii hufaa kwa sababu hewa inayopanda hutanuka na kupoa. Hata hivyo, hukuonyesha aina ya kinachoanguka tu, si kiasi chake, nayo hupotoka usiku mkavu usio na mawingu, baridi inapotuama mabondeni. Wala miezi inayosifiwa kwa ukavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, haina dhamana huko juu.