Fomu ya matengenezo kwanza: kuifanya tovuti ya nyumba za kupanga itumike na kila mpangaji

Usianze na ukurasa wa mbele. Mpangaji anaingia kwenye tovuti kwa sababu bomba limepasuka, malipo ya kodi hayaonekani, au anatafuta mkataba wake. Chukua kazi hizo tatu na uzipime toka mwanzo hadi mwisho. Kipimo ni WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kiwango cha AA (cha katikati kati ya vitatu).

Hatua ya 1: Weka kipanya kando

Tumia Tab, Shift+Tab, Enter na kitufe cha nafasi tu. Ukipotea, hujui uko kwenye kitufe gani, huenda kuna mtu ameandika `outline: none` kwenye CSS (msimbo wa mwonekano) kwa ajili ya urembo, na hivyo kuficha fremu inayoonyesha ulipo. Ifute.

Hatua ya 2: Rangi na ukubwa

Maandishi ya kawaida yanahitaji utofauti wa 4.5:1 dhidi ya rangi ya nyuma, maandishi ya ukubwa mkubwa 3:1. Kuza ukurasa hadi 400% kwenye dirisha la upana wa pikseli 1280: msomaji asilazimike kusogeza kushoto na kulia. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24. Hiyo ndiyo sakafu. 44 ni bora kwa mkono unaotetemeka.

Hatua ya 3: Fomu ya matengenezo

Hapa ndipo siku zinapoishia.

Kila kisanduku kiwe na lebo yake:

```
<label for="simu">Namba ya simu (lazima)</label>
<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel">
```

Yale maandishi hafifu ndani ya kisanduku si lebo. Yanatoweka mtu akianza kuandika. `for` na `id` zilingane herufi kwa herufi: "simu" na "Simu" ni vitu viwili. Kama fomu imewekwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja, moja ya simu na moja ya kompyuta, `id` zinajirudia, na lebo ya fomu ya pili inashika kisanduku cha fomu ya kwanza. Kwa macho huoni kasoro yoyote.

Sasa makosa. Mpangaji asiyeona anabonyeza Tuma, maandishi mekundu yanatokea juu, kisoma skrini (programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kinanyamaza. Anadhani ombi limekwenda. Anasubiri fundi ambaye hajaitwa.

Dawa yake: weka juu ya fomu kisanduku chenye kichwa "Kuna makosa 2", kipe `tabindex="-1"`, kisha ukiite kwa `focus()`, ili kibodi na kisoma skrini vihamie hapo. Kila kosa humo liwe kiungo cha kwenda kwenye kisanduku husika, na pale kwenye kisanduku kosa liandikwe tena, likiunganishwa na kisanduku kwa `aria-describedby`, pamoja na `aria-invalid="true"` inayokiambia kisoma skrini kwamba kisanduku hicho kina kosa. Angalia haya:

- Ukiita `focus()` kabla kisanduku hicho cha makosa hakijachorwa kwenye ukurasa, huenda kisitokee chochote, wala onyo. Kisubiri kichorwe kwanza.
- `role="alert"`, alama ya kukiagiza kisoma skrini kitangaze ujumbe, peke yake haiaminiki: ikiingizwa ukurasani pamoja na ujumbe wake, baadhi ya visoma skrini havisemi kitu. Ukiiweka pamoja na `focus()`, ujumbe unaweza kusomwa mara mbili. Chagua moja, `focus()` ndiyo ya kushika.
- "Taarifa batili" haimsaidii mtu. Andika "Weka namba ya nyumba, mfano B14".

Picha ya uharibifu isiwe lazima. Tarehe iweze kuandikwa kwa kibodi, si kuchaguliwa kwenye kalenda tu. Kama tovuti inaweka kikomo cha muda, nao ukikaribia kuisha, mpe mtumiaji angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo kimoja chepesi. Ruhusu kubandika nywila.

Hatua ya 4: Nyaraka

Mkataba uliopigwa skani ni picha tu. Hakuna neno la kusomeka ndani yake. Uweke kama ukurasa wa kawaida wa tovuti. Ikibidi iwe PDF, ihifadhi kama PDF moja kwa moja kutoka Word, yenye vichwa halisi. Usipitie amri ya kuchapisha, maana muundo wote unapotea. Weka pia `lang="sw"`, inayosema ukurasa ni wa Kiswahili, la sivyo Kiswahili huenda kikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza.

Hatua ya 5: Sikiliza

Kisoma skrini cha NVDA ni bure kwenye Windows. Simu zina vyake, TalkBack (Android) au VoiceOver (iPhone). Kwenye NVDA bonyeza Insert+F7 uone orodha ya viungo. Ukikuta "Bofya hapa" mara nane, unajua kazi iliyobaki. Vile vibandiko vinavyouzwa kwa ahadi ya kurekebisha tovuti kwa mstari mmoja wa msimbo, achana navyo: haviwezi kujua picha yako inaonyesha nini wala lebo ilipaswa kusemaje.

Hatua ya 6: Nje ya skrini

Acha njia ya simu, ya ujumbe mfupi na ya kufika ofisini. Kwenye akaunti ya mpangaji andika anavyotaka kuwasiliana, na maelezo hayo yamfikie fundi. Akimpigia simu mpangaji kiziwi, akakosa jibu, ataandika "hakuwepo" na kuondoka.

Kwenye matangazo ya nyumba, neno "inafikika" halimwambii mtu kitu. Andika vipimo: "Ngazi 3 mlangoni, hakuna reli. Mlango wa bafu sentimita 70." Mwenye kiti cha magurudumu anajua upana wa kiti chake.