Namna ya Kuandika Historia ya Maonesho ya Nane Nane ya Jiji la Mbeya

Anayetaka kuandika historia ya maonesho ya wakulima yanayofanyika kila Agosti katika Uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya asianze na uwanja, bali aanze na kalenda. Kwa miaka mingi Sikukuu ya Wakulima iliadhimishwa tarehe 7 Julai, siku ambayo chama cha siasa cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Ni katika miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi uliporejea, ndipo wakulima walipopewa tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na maonesho ya biashara ya Dar es Salaam. Kwa hiyo atakayepekua magazeti ya zamani kwa neno Nane Nane peke yake atakosa sehemu kubwa ya habari. Asome pia matoleo ya Julai.

Jambo la pili ni mipaka ya mikoa. Maonesho haya ni ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo siku hizi hujumuisha Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa, Katavi na Ruvuma, lakini Njombe na Katavi ilitangazwa kuwa mikoa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Habari za mwaka 2005 kuhusu wakulima wa Mbozi, ambayo sasa iko Songwe, zitafutwe chini ya Mbeya, na za Mpanda, ambayo sasa iko Katavi, chini ya Rukwa. Mipaka hiyo husaidia pia kukadiria umri wa picha isiyo na tarehe: bango la banda likitaja Mkoa wa Songwe, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 2016. Kaulimbiu iliyochapwa kwenye fulana na kofia husaidia zaidi, kwa sababu hubadilika kila mwaka.

Kwa maoni yangu, vipando, yaani mazao ya mfano yanayopandwa uwanjani, vinastahili kurasa nyingi kuliko hotuba za wageni rasmi. Agosti ni kiangazi Mbeya, hivyo mahindi na mboga ambazo wageni huziona zikiwa za kijani kibichi zimepandwa miezi kadhaa kabla na kumwagiliwa maji muda wote huo, kazi ambayo haitajwi katika ratiba ya kilele. Watafute mabwana shamba na vibarua waliozifanya kazi hizo, wakiwemo waliofanya kazi katika kituo cha utafiti cha Uyole, uwaulize maji yalitoka wapi, mbegu zipi zilioneshwa, na zipi wakulima walirudi nazo nyumbani.

Baada ya kumwamkia mzee, usimbane kwa swali la mwaka gani. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya vocha za pembejeo, yaani hati za ruzuku ya serikali ya mbolea na mbegu, zilizoanza 2008, au mkoa wake uliitwaje wakati huo. Kisha linganisha jibu lake na gazeti, na pale yanapotofautiana andika yote mawili, ukieleza kila moja umelipata wapi.