Simu ikinywa maji ya bahari, usikimbilie mchele

Kibanda changu cha ufundi simu kipo Mtwara mjini, upande wa kuteremkia feri ya Msangamkuu. Haipiti wiki bila mtu kuja kwangu suruali imelowa hadi magotini, mkononi simu inachuruzika maji. Alikuwa anashuka kwenye mtumbwi, simu ikachomoka mfukoni. Naandika haya kwa ajili yake, kwa sababu simu nyingi zinazonishinda zimeharibikia mikononi mwa wenyewe, ndani ya saa ile ya kwanza.

Masika yaliyopita alikuja babu mmoja mvuvi na kitochi chake, ile simu ndogo ya batani, amekifunga kwenye leso.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimekifukia kwenye mchele siku tatu, hakiwaki."

Nikafungua mfuniko wa nyuma. Betri ilikuwa bado imo. Nilipoichomoa, vile vipini vya shaba vinavyoishika vilikuwa vimeota unga wa kijani, na kimoja kilikatika nilipokigusa tu na mswaki. Kwenye tundu la chaji kulikuwa na punje mbili za mchele zimevimba na kukwama. Bodi nayo imeliwa upande mzima wa chini. Sikuweza kuiamsha. Namba za watoto wake zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu yenyewe, si kwenye laini, na kichwani alikuwa na moja tu. Nilimwandikia hiyo moja kwenye karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kofia. Lile tukio linanisumbua mpaka leo, kwa sababu kile kitochi kingepona kama betri ingetolewa palepale mtumbwini.

Kinachoua simu ni umeme kukutana na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na maji ya namna hiyo yanapitisha umeme kwa wepesi sana. Betri ikiwa ndani, hata simu ikiwa imezimwa, kuna njia kwenye bodi ambazo bado zina moto. Umeme unavuka pasipotakiwa, shaba inaliwa, na kinachobaki ni ule ukijani. Mchele hauzuii hilo hata kidogo. Haufyonzi maji yaliyo ndani ya bodi, na mchele wa gunia huku kwetu pwani umeshakunywa unyevu wa hewa siku nyingi. Hata Apple wenyewe wanawaambia wenye iPhone wasiweke simu kwenye mchele, kwa sababu vipande vyake vinaweza kuiharibu.

Basi fanya hivi. Itoe majini na uizime hapo hapo. Usiwashe kioo kuangalia kama bado inafanya kazi, usibonyeze batani kujaribu, usipige hata simu moja ya kuhakikisha. Kama ilikuwa kwenye chaji ikamwagikiwa, zima swichi ya ukutani kwanza, mkono ukiwa mkavu, ndipo uguse waya. Kisha vua kava. Kitochi, ng'oa betri. Toa laini na memori kadi, uvifute kwa kitambaa kikavu. Pesa zako za mtandao hazimo ndani ya simu, kwa hiyo usiiwashe kwa hofu ya salio; tia laini kwenye simu ya jirani utalikuta.

Sasa linakuja jambo ambalo wateja wangu hawaniamini nikiwaambia: kama ni maji ya bahari, kitochi kilichotolewa betri kisuuze kwa maji safi. Ndiyo, kirudishe majini. Chumvi ikikaukia ndani inabaki pale, na kwa hewa yetu ya Mtwara inavuta unyevu upya kila usiku. Fungua bomba kidogo au tumia maji ya chupa, yapite taratibu kwenye tundu la chaji, spika na sehemu ya betri, kwa dakika moja hivi. Hali kadhalika kwa chai ya sukari, soda na madafu, maana sukari inaganda na kunata. Betri yenyewe usiisuuze, ifute tu.

Simu janja ambayo betri yake haitoki ni habari nyingine. Hiyo usiizamishe tena nyumbani. Izime, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa, halafu kwa kikavu, umpelekee fundi siku hiyohiyo. Ikiwa ina alama ya IP68, ile ya kuhimili maji, na haijawahi kufunguliwa, unaweza kuipitisha kwenye maji ya bomba yanayotiririka polepole. Lakini usiitegemee alama hiyo baharini. Kipimo chake hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na gundi inayoziba kingo huchoka kwa umri na kwa kuanguka.

Kuikausha: ielekeze tundu la chaji chini, igonge taratibu kwenye kiganja maji yatoke. Usiitikise, usiipulize kwa mdomo. Iweke kivulini mbele ya feni au dirishani penye upepo, saa 24 kwa uchache. Mimi husubiri 48. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinasaidia ukivifungia na simu kwenye kopo. Bati la saa saba mchana, jiko, pasi na friji, vyote hapana. Joto linalegeza gundi ya kioo na linaweza kuivimbisha betri. Betri ikivimba usiitoboe wala kuikandamiza. Itoe nje, iweke kwenye mchanga mbali na vitu vinavyoshika moto.

Kwa fundi, simama uangalie. Anapaswa kuifungua, kutoa bodi, kuinua au kusafisha chini ya vile vifuniko vya bati, na kusugua kwa mswaki laini na spiriti kali. Mimi natumia ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya dukani ni ya vidonda, sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Akikuchomolea chupa ya petroli au thina, chukua simu yako uondoke: thina inakula plastiki, na petroli inaacha mafuta na inaweza kuwaka.

Ikiwaka, usiichaji kwanza. Hamisha picha na namba siku hiyohiyo, kabla ya kushangilia, maana simu iliyonywa bahari inaweza kufanya kazi wiki mbili kisha ikazima moja kwa moja. Ikikuandikia kuna unyevu kwenye tundu la chaji, iamini na usubiri.

Flashi na memori kadi huwa zinapona, kwa sababu hazina betri: suuza, kausha siku mbili. Rimoti na redio ndogo, toa betri ufanye kama kitochi. Pawa benki iliyozama baharini mimi siirudishi kwa mtu, hata akiniongezea pesa. Iache, ni hatari kulala nayo nyumbani.

Na kama unavuka kesho, waangalie wavuvi wenyewe. Simu zao zimo kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, limefungwa kamba kwenye mtumbwi. Yule babu naye siku hizi analo, na namba za watoto wake zimo kwenye laini. Nilimwandikia mwenyewe, moja moja, walipokuja kumtembelea.